Mwiba Mwilini mwa Kiti cha Pweza: Maisha ya Ilya Mechnikov (1845–1916)

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Aghalabu methali hii hufunzwa kama onyo kwa mtu apuuzaye jambo dogo. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo wanafasihi hatuna mazoea ya kuliuliza: kwa nini mguu uliodungwa uvimbe? Je, uvimbe ule ni kazi ya mwiba au ni kazi ya mguu wenyewe? Kwa muda mrefu matabibu wengi wa Ulaya waliuchukulia uvimbe kuwa sehemu ya madhara yanayoupata mwili. Aliyeligeuza jibu hilo hakuwa tabibu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, naye alianza kwa kumdunga mwiba kiumbe mdogo wa baharini.

Mtu huyo ni Ilya Ilyich Mechnikov, ambaye Wafaransa walimwita Élie Metchnikoff. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha kuonyesha jinsi wazo lake linavyotusaidia hadi leo kuelewa namna mwili wa mdudu, kama vile nzi au mbu, unavyokabiliana na bakteria. Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza kisa hiki kinatuhusu vipi. Kinatuhusu kwa sababu ni kisa cha istilahi na sitiari. Wazo la Mechnikov lilizaliwa katika lugha ya kula, likakulia katika lugha ya vita, na hadi leo tunapolifunza kwa Kiswahili tunairithi lugha hiyo ya pili bila kuihoji.

Utoto na Masomo

Mechnikov alizaliwa Mei 1845 katika kijiji cha Ivanovka, eneo la Kharkiv, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya himaya ya Urusi na sasa liko nchini Ukraine. Baba yake alikuwa afisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme, na mama yake, Emilia, alitoka katika ukoo wenye asili ya Kiyahudi. Ilya alikuwa kitindamimba. Miongoni mwa ndugu zake walikuwamo Lev, aliyekuja kujulikana kama mwanajiografia, na Ivan, aliyekuwa mwanasheria. Kifo cha Ivan mwaka 1881 ndicho kilichompa Leo Tolstoy kiini cha novela yake mashuhuri, Kifo cha Ivan Ilyich, iliyotoka mwaka 1886. Kwa hiyo, jina la ukoo huu lilikuwa limekwisha kugusa fasihi ya dunia kabla halijatajwa katika vitabu vya tiba.

Kijana huyu alikuwa na pupa ya masomo. Katika Chuo Kikuu cha Kharkiv alimaliza kwa miaka miwili masomo ya miaka minne, akahitimu mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Baadaye alisoma Ujerumani na kufanya utafiti mjini Naples, ambako alishirikiana na mwananchi mwenzake, Aleksandr Kovalevsky, kuchunguza ukuaji wa viinitete vya wanyama wa baharini. Wote wawili walikuwa wafuasi wa nadharia ya Darwin. Waliamini kwamba anayetaka kuelewa kiungo cha mnyama mkubwa sharti aanze na mnyama mdogo, kwa kuwa huko ndiko historia ya kiungo hicho inakosomeka kwa urahisi. Imani hii ndiyo ufunguo wa kazi yote ya Mechnikov. Wenzake katika tiba walimtazama mgonjwa kitandani, ilhali yeye alimtazama sifongo, mnyoo bapa na mdudu.

Misiba

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na utulivu. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovich, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya arusi ilibidi bibi arusi abebwe kitini hadi kanisani. Kwa miaka minne Mechnikov alihangaika naye akitafuta hali ya hewa yenye nafuu. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mumewe, ambaye macho yake pia yalikuwa yamedhoofika kwa kazi ya hadubini, alikata tamaa akanywa dawa ya kulevya kwa nia ya kujiua. Kipimo kilikuwa kikubwa mno hata akatapika, akanusurika.

Mwaka 1875 alimwoa Olga Belokopytova, msichana aliyekuwa mwanafunzi, ambaye baadaye alikuja kuwa msaidizi wake na mwandishi wa tawasifa ya ndoa yao kwa sura ya wasifu wa mumewe. Mwaka 1880 Olga aliugua sana homa ya matumbo. Muda si mrefu baadaye, mwaka 1881, Mechnikov alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ijayo na kurudi, ambayo ni ndugu wa homa ya papasi tunayoijua huku kwetu. Alitaka kujua iwapo ugonjwa huo huambukizwa kwa damu, na iwapo angekufa, basi angekufa kwa manufaa ya sayansi. Aliugua vibaya, akapona. Waliomfahamu walishuhudia kwamba tangu wakati huo alianza kuupenda uhai alioutaka kuukatisha.

Mbawakawa na Kuvu

Kabla ya jambo lililomletea sifa, kuna kisa ambacho waandishi wengi hukipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1870, mashamba ya ngano ya eneo la Odessa, ambako Mechnikov alikuwa akifundisha, yalivamiwa na mbawakawa wa nafaka. Alipowachunguza wadudu waliokufa alikuta baadhi yao wamefunikwa na kuvu wa rangi ya kijani. Mwaka 1879 alichapisha maelezo ya kuvu huyo, akapendekeza azalishwe kwa makusudi na kutawanywa mashambani ili awaue wadudu waharibifu. Kuvu huyo leo huitwa Metarhizium anisopliae.

Pendekezo hilo halikupotea. Nchini Kenya, watafiti wa kituo cha ICIPE, taasisi ya sayansi ya wadudu iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 chini ya uongozi wa Thomas Odhiambo, wameunda viuadudu kutokana na aina za kuvu wa jenasi hiyo. Mkulima anayevitumia kulinda mboga au matunda anafuata njia iliyoonyeshwa katika ngano ya Odessa.

Kisa hiki kina umuhimu mwingine. Kilimzoesha Mechnikov kumtazama mdudu kama mgonjwa. Alianza kujiuliza kwa nini mdudu mmoja hufa ilhali mwenzake aliyeguswa na kuvu yule yule huishi.

Messina, 1882

Mwaka 1881 Mfalme Aleksandr wa Pili aliuawa, na vyuo vikuu vya Urusi vikaingia katika msukosuko wa kisiasa. Mechnikov alichoshwa na mivutano hiyo, akajiuzulu mwaka 1882, akahamia Messina katika kisiwa cha Sicily pamoja na Olga na wadogo zake Olga. Hakuwa na cheo wala maabara. Alikuwa na hadubini sebuleni na bahari karibu.

Siku moja jamaa zake walikwenda sarakasi kuwatazama sokwe waliofunzwa michezo. Yeye alibaki nyumbani akichunguza lava wa kiti cha pweza, ambaye mwili wake ni angavu kama maji. Ndani ya mwili huo aliziona seli zinazotembea. Alikuwa amekwisha kujua, kutokana na uchunguzi wake wa sifongo na minyoo bapa, kwamba seli za aina hiyo humeza chembe za chakula na kuzimeng'enya ndani yake. Sasa likamjia wazo jipya: seli inayoweza kumeza chakula, kwa nini isiweze kumeza adui? Akaona kwamba, ikiwa dhana hiyo ni kweli, mwiba ukiingizwa katika mwili wa lava asiye na mishipa ya damu wala neva utazungukwa na seli hizo, kama vile kidole cha mtu kinavyotunga usaha pale kinapochomwa na kibanzi.

Alichuma miiba ya waridi bustanini, akaipenyeza chini ya ngozi ya lava wake. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri alipotazama, alikuta seli zimeuzingira mwiba kila upande.

Uzito wa jaribio hili uko katika uchaguzi wa mnyama. Kwa binadamu, uvimbe huandamana na wekundu, joto na maumivu, na mishipa ya damu hutanuka. Ni vigumu kujua kipi ni chanzo na kipi ni tokeo. Lava wa kiti cha pweza hana mambo hayo yote. Kilichobaki kwake ni seli kukimbilia kitu kigeni. Basi hicho, Mechnikov akahitimisha, ndicho kiini cha uvimbe, na mengine yote yameongezwa baadaye katika historia ndefu ya viumbe.

Jina la Seli

Alipopita Vienna mwaka 1883, Mechnikov alimweleza Carl Claus, profesa wa zuolojia, kuhusu seli zake. Alikuwa akizitaja kwa Kijerumani kuwa seli zinazokula, akataka jina la Kigiriki. Claus na wenzake wakampa neno lililoundwa kutokana na maneno mawili, kula na chombo, ambalo kwa matamshi yetu ni fagosaiti.

Wanaisimu watatambua hapa mchakato wanaoufahamu vyema. Mtafiti alikuwa na maelezo ya lugha ya kila siku, akayatafutia vazi la lugha ya kale ili yakubalike katika taaluma. Kwa Kiswahili tunaweza kukopa neno hilo kama lilivyo, au kurudi kwenye maelezo ya awali na kusema seli mlaji, kwa wingi seli walaji, kwa kufuata muundo wa nchi mwanachama na nchi wanachama. Makala haya yanatumia istilahi hiyo ya pili kwa sababu inahifadhi wazo la asili, yaani tumbo. Katika mafundisho mengi ya Kiswahili, chembe nyeupe za damu huitwa askari wa mwili. Sitiari hiyo ni nyepesi kukumbukwa, lakini Mechnikov hakufika kwenye ugunduzi wake kwa kuanzia kambini. Alianzia kwenye usagaji wa chakula. Sitiari ya vita ilinawiri baadaye, pale alipolazimika kupigana yeye mwenyewe.

Vita vya Wataalamu

Mwaka 1884 alichapisha uchunguzi wa kiroboto-maji, mnyama mdogo wa jamii ya kamba anayeishi katika maji baridi. Kuvu mmoja wa jamii ya hamira humwingia na chakula, na vijimbegu vyake vyenye umbo la sindano huutoboa ukuta wa utumbo. Kwa kuwa mwili wa kiroboto-maji huonyesha yaliyomo, Mechnikov aliweza kuona seli za damu zikivizunguka vijimbegu hivyo na kuvivunjavunja. Seli zilipowahi, mnyama alipona. Vijimbegu vilipoponyoka na kuzaana, mnyama alikufa. Hapa hakuna tena mwiba uliotiwa kwa mkono wa mtafiti. Ni ugonjwa wa kweli katika kiumbe wa kweli.

Hata hivyo, wengi walikataa. Maoni yaliyotawala yalikuwa kwamba chembe nyeupe huwabeba vijidudu na kuwaeneza mwilini, na Rudolf Virchow alikuwa amekwisha kumtahadharisha huko Messina kuhusu upinzani huo, ingawa yeye mwenyewe alimtia moyo. Mjini Berlin, Robert Koch alimpokea kwa ubaridi. Huko Odessa, alikoongoza kituo cha bakteriolojia kuanzia mwaka 1886, alishutumiwa na madaktari kwa sababu hakuwa daktari, na chanjo ya kimeta iliyotolewa na wasaidizi wake iliua kondoo wengi. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya jijini Paris, naye akakaa huko hadi kufa kwake.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1890, pale Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepewa kinga ya pepopunda au dondakoo yanaweza kumkinga mnyama mwingine. Ikiwa majimaji matupu, yasiyo na seli, yanakinga, seli walaji ni wa nini? Mwaka 1894 Richard Pfeiffer alionyesha bakteria wa kipindupindu wakiyeyuka katika mwili wa mnyama mwenye kinga bila kumezwa. Mechnikov alijibu kila hoja kwa majaribio mapya na kwa ukali mwingi. Ajabu ni kwamba mmoja wa waliothibitisha nguvu ya majimaji hayo, Jules Bordet, alifanya kazi hiyo katika maabara ya Mechnikov mwenyewe.

Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa pamoja kwa Mechnikov, mtetezi wa seli, na Paul Ehrlich, mtetezi wa majimaji. Uamuzi huo ulielekea ukweli ambao miaka iliyofuata iliuthibitisha: majimaji humpaka bakteria alama, na seli mlaji humla kwa urahisi zaidi yule aliyepakwa. Almroth Wright alikuwa amelionyesha jambo hilo nchini Uingereza mwaka 1903, nalo likaingia jukwaani mwaka 1906 pale George Bernard Shaw alipoandika tamthilia kuhusu mtanziko wa daktari, akimchora tabibu mmoja ambaye kila ugonjwa kwake tiba yake ni kuchochea seli walaji. Nadharia ikiisha kufanyiwa kejeli katika tamthilia, bila shaka imekwisha kuenea.

Mdudu na Bakteria: Tunachokijua Sasa

Mahali ambapo wazo la Mechnikov limezaa matunda mengi ni katika mwili wa mdudu. Mdudu hana kingamwili kama zetu. Hawezi kutunga silaha mahsusi kwa kila bakteria mpya. Damu yake haipiti mishipani kama yetu, bali huzunguka ndani ya uwazi wa mwili, na seli zilizomo huitwa himosaiti.

Katika buu wa nzi wa matunda, idadi kubwa mno ya himosaiti, takriban 95 kwa 100, ni seli walaji. Bakteria akipenya kupitia kidonda, vipokezi vilivyo juu ya seli hizo humtambua kwa kemikali za ukuta wake. Kisha utando wa seli humkumbatia, humfunga katika kifuko, na kifuko hicho huungana na vingine vyenye vimeng'enya na asidi. Bakteria humeng'enywa, sawa na chakula katika seli ya sifongo. Bakteria wakiwa wengi kupita uwezo wa mlaji mmoja mmoja, seli nyingi hushikamana nao na kuwa fundo. Adui akiwa mkubwa asiyemezeka, kama yai la nyigu litagwalo ndani ya buu, seli bapa humzingira tabaka juu ya tabaka, na rangi nyeusi ya melanini humfunika. Hili la mwisho ni mwiba wa Messina kwa sura nyingine.

Watafiti wamezijaza seli walaji za nzi kwa vishanga vidogo vya plastiki ili zisiweze kumeza zaidi, wakakuta kwamba nzi hao hushindwa kustahimili baadhi ya bakteria. Lakini majimaji nayo yana kazi yake. Hans Boman na wenzake walitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba nondo hutengeneza protini fupi zinazoua bakteria, na mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Strasbourg likaonyesha jinsi nzi wa matunda anavyotumia kipokezi kiitwacho Toll kuamrisha kinga dhidi ya kuvu. Hoffmann alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Katika mbu wa Anofelesi, aenezaye malaria, kuna protini inayompaka bakteria alama ili amezwe, na protini hiyo hiyo hushiriki kuviua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hapo seli na majimaji havipigani, vinatumikiana.

Na kuvu wa Odessa? Mwaka 2006 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba Metarhizium anisopliae, akiisha kuingia mwilini mwa mdudu, hujivika protini inayomficha asitambuliwe na himosaiti. Kwa maneno mengine, kiumbe aliyeelezwa na Mechnikov mwaka 1879 anafanikiwa kuua kwa kuzikwepa seli za aina ile aliyoitambua mwaka 1882. Yeye mwenyewe hakupata kuiona kamba inayoviunganisha visa hivyo viwili.

Miaka ya Mwisho

Baada ya mwaka 1900 Mechnikov aligeukia uzee. Alidai kwamba bakteria wa utumbo mpana hutia mwili sumu na kuuzeesha, akapendekeza watu wanywe maziwa yaliyochachushwa, mfano wa maziwa lala yetu, akitoa mfano wa wakulima wa Bulgaria. Mwaka 1903 alilipa jina somo la uzee, jerontolojia. Dai lake kuhusu maziwa na umri mrefu halijathibitishwa kwa namna alivyolitangaza, ila swali lake kuhusu bakteria wa utumbo limerudi kwa kishindo katika maabara za karne hii. Mwaka 1909 alimtembelea Tolstoy nyumbani kwake Yasnaya Polyana. Tolstoy alitafuta maana ya kifo katika dini na maadili. Mgeni wake aliitafuta katika seli. Hawakuafikiana.

Vita Kuu vya Kwanza vilimwumiza. Vijana wa maabara yake waliitwa vitani, na utafiti ukasimama. Alifariki jijini Paris Julai 1916 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Hitimisho

Maisha ya Mechnikov yanatufunza kwamba wazo kubwa huweza kuanza kama mfananisho. Yeye alifananisha kula na kujikinga, kisha akaujaribu mfananisho wake kwa mwiba. Hii ndiyo tofauti kati ya sitiari ya mshairi na ile ya mwanasayansi: ya pili sharti ikubali kukanushwa. Mechnikov alikosea alipodhani seli peke yake zatosha, na wapinzani wake walikosea walipodhani hazihitajiki.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kuna jukumu linalotungoja. Tunapotafsiri vitabu vya sayansi au kuandaa kamusi za istilahi, tunachagua pia sitiari ambayo mtoto atafikiria kwayo. Mtoto aliyefunzwa kwamba damu ni jeshi atauliza nani anashinda. Mtoto aliyefunzwa kwamba ndani ya damu wamo walaji atauliza wanakula nini, wanamtambuaje wa kuliwa, na ni nani anayewapikia. Maswali haya ya pili ndiyo yaliyozaa ugunduzi, nayo yanaulizika kwa Kiswahili fasaha bila kukopa hata neno moja.